Tumaini Lisilo la Kirusi

Nilikwenda kwa Mwalimu na cheti cha marehemu baba yangu mdogo, aliyesoma Moscow miaka ya 1970. Mambo ya mirathi yalitaka karatasi zake ziwe kwa Kiswahili, na mjini Dar es Salaam watu wanaoweza kukaa na cheti cha Kirusi wakakielewa hadi muhuri hawajai kiganja. Mwalimu alistaafu kufundisha zamani. Siku hizi hutafsiri sebuleni kwake, na ameniomba nisimtaje jina.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo, nimalizie mstari huu."

Wakati namsubiri, macho yangu yaliangukia daftari lake. Ni daftari la jalada gumu, pembe zake zimelainika kama kitambaa. Humo ameorodhesha majina ya ukoo ya Kirusi aliyokutana nayo kazini, kwenye vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya shahada. Kushoto kuna jina kwa herufi za Kirusi, katikati namna ya kulitamka, kulia maana yake. Kuznetsov, mhunzi. Medvedev, wa dubu. Popov, mtoto wa kasisi. Halafu nikafika kwenye mstari uliopigiwa penseli mara mbili chini yake: Speransky, tumaini (si Kirusi).

Mabano yale ndiyo yaliyonikera. Jina la Mrusi linakuwaje si Kirusi?

Mwalimu aliweka kalamu chini. Nilijua hapo kwamba cheti cha baba mdogo kitangoja.

Alianzia kijijini, Cherkutino, katika jimbo la Vladimir, mashariki ya Moscow. Mwaka 1772 kasisi wa kijiji alipata mtoto wa kiume, akaitwa Mikhail. Kasisi mwenyewe aliitwa Mikhailo Vasilyev, yaani Mikhailo wa Vasily. Basi, hapakuwa na zaidi. Msomaji wa pwani au wa bara hahitaji kuelezwa hili: ndivyo wengi wetu tunavyoitwa, jina lako, la baba, na ukibanwa sana, la babu. Jina la ukoo lilikuwa jambo la wakubwa wenye mashamba. Kasisi wa kijijini alijulikana kwa kanisa lake.

Lakini mtoto wa kasisi alitakiwa awe kasisi, na ili awe kasisi alipelekwa seminari mjini Vladimir. Huko, anasema Mwalimu, daftari la shule lilikuwa na nafasi iliyotaka kujazwa. Mkuu wa seminari alikuwa na watoto mbele yake, Ivan kumi na Mikhail wanane, na alitaka kuwatofautisha. Akawagawia majina kama wanavyogawiwa vitanda.

Hapa Mwalimu alinyanyuka kabisa kitini, kwa sababu ndipo anapopapenda. Wengine walipewa jina la kanisa au sikukuu: Uspensky kutokana na sikukuu ya kulala kwa Bikira Maria, Troitsky kutokana na Utatu. Wengine walipewa maua, ndiyo Tsvetkov. Wengine vito, ndiyo Almazov, wa almasi. Mtoto mpole aliweza kutoka na jina Tikhomirov, lenye utulivu na amani ndani yake. Wanafunzi wenyewe walikuwa na msemo wao: majina hutolewa kwa kufuata makanisa, maua, mawe, mifugo, na vyovyote atakavyopenda baba askofu. Ndugu wawili wa tumbo moja waliweza kurudi likizo wakiwa na majina mawili tofauti. Mtoto aliweza kubadilishiwa jina akiwa katikati ya masomo. Mchezo huo uliendelea hadi mwaka 1846, Sinodi ya Kanisa ilipoagiza kwamba watoto wa makasisi washike majina ya baba zao.

Na kulikuwa na fungu la mwisho, la walioonekana kuwa na akili. Hao walipewa majina ya Kilatini na Kigiriki, lugha za darasani. Humilis, mnyenyekevu, likazaa Gumilev. Mtoto wa Mikhailo Vasilyev alipata sperare, kutumaini. Likafungwa mwishoni kwa -sky, mkia wa Kirusi, na mtoto akawa Speransky.

Nilimwuliza Mwalimu ni kwa nini jina hili ni adimu wakati Popov limejaa kila kona ya Urusi, na wote ni watoto wa makasisi. Alisema Popov lilitoka midomoni mwa watu, na midomo ya watu ni mingi. Speransky lilitoka mezani kwa msomi mmoja mmoja. Tena lilitolewa katika seminari mbalimbali kwa watoto wasiojuana, kwa hiyo akina Speransky wawili wakikutana si lazima wawe na babu mmoja. Wanachochangia ni kwamba kuna mahali mwalimu fulani alimtazama mtoto fulani akaona kitu.

Kazini jina hili humsumbua kwa namna nyingine. Mume ni Speransky, mke ni Speranskaya, kwa kuwa jina la Kirusi hubadilika kumfuata mwanamke. Karatasi zikifika ofisini huonekana kama za watu wa koo mbili. Ndiyo maana huongeza mstari wa maelezo chini ya kila tafsiri, wala halipishi mstari huo.

Mtoto yule wa Cherkutino alifika mbali. Alifundisha hisabati katika seminari ya St. Petersburg, akawa katibu wa kabaila Kurakin, kisha mkono wa kulia wa Tsar Alexander I. Mwaka 1809 aliandika mpango wa kuipa Urusi utawala wa sheria. Machi 1812, maadui wake walipomzidi nguvu, alifukuzwa mji mkuu na kupelekwa Nizhny Novgorod, kisha Perm. Alirejea baada ya miaka mingi, akasimamia kukusanywa kwa sheria zote za dola: juzuu 45 mwaka 1830, na muhtasari wa juzuu 15 mwaka 1832. Alipewa cheo cha kikabaila cha graf mwaka 1839, na mwaka huohuo akafa.

Mwalimu hakuishia hapo. Katika jimbo la Ryazan, mtoto mwingine wa kasisi, Nikolai, aliyezaliwa 1804, alimvutia askofu mkuu kwa akili zake. Askofu alitaka kumpa jina la kumheshimu Speransky, akalitafsiri. Tumaini kwa Kirusi ni nadezhda, basi mtoto akaitwa Nadezhdin. Huyo alikuja kuwa profesa na mhariri wa jarida la Teleskop. Mwaka 1836 alichapisha barua ya mwanafalsafa Chaadaev iliyoikosoa Urusi vikali; jarida likafungwa, naye akahamishiwa Ust-Sysolsk, mbali kaskazini.

Tumaini la Kilatini lilifukuzwa, na tumaini la Kirusi likafukuzwa. Mwalimu alitaja na la tatu, Mikhail Nestorovich Speransky, msomi wa fasihi ya kale, aliyekamatwa mwaka 1934 katika kesi ya wataalamu wa lugha za Kislavoni. Nilimwuliza kama jina linaweza kuwa mzigo. Alitikisa kichwa, nami sikuelewa kama alikubali au alikataa.

Graf Speransky hakuacha mtoto wa kiume, ila binti mmoja, Elizaveta. Jina lilikuwa life naye. Mwaka 1872 likaunganishwa, kwa idhini ya dola, na la mjukuu wa Elizaveta wa ukoo wa Cantacuzène, na baada ya mapinduzi mwana wa huyo alihamia nalo Marekani, akafia Sarasota, Florida, mwaka 1955. Neno la darasani Vladimir limezikwa kando ya Ghuba ya Mexico.

Mimi mawazo yangu yalikuwa yamebaki Cherkutino. Nilimwuliza Mwalimu: mtoto aliporudi nyumbani likizo ya kwanza, baba yake asiyejua tangu lini ana mwana aitwaye hivyo alisema nini? Na mama alimwitaje kutoka mlangoni?

"Misha," alijibu bila kufikiri. "Mama angemwita nani tena?" Kuhusu baba alinyamaza.

Kisha akavuta cheti cha baba mdogo, akakisogeza dirishani kwenye mwanga. Kirusi hakina h yetu, na makarani wa Moscow walimwandika kwa herufi waliyokuwa nayo. Miaka yake yote ya masomo kule baba mdogo hakuwa Hamisi. Alikuwa Khamisi, na ndivyo shahada inavyosema.

"Mwanangu," Mwalimu aliniuliza, kalamu ikiwa juu ya karatasi, "nimwandike yupi?"