Ishara na Maradhi: Kuzisoma Taa na Giaboksi za Pikapu Kuukuu

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema kwamba kila wingu hunyesha. Pengo hilo baina ya dalili na jambo lenyewe limewashughulisha wanaisimu na wahakiki wa fasihi kwa muda mrefu, na ndilo pia linalomshughulisha fundi wa magari kila siku. Makala haya yananuia kueleza jinsi ya kuzisoma taa za tahadhari na matatizo ya giaboksi katika pikapu kuukuu, hasa Toyota Hilux za dizeli za miaka ya 1980 na 1990 ambazo bado zinabeba miraa, maziwa, mboga na saruji katika barabara zetu. Hoja yetu kuu ni kwamba taa haitaji ugonjwa. Taa hutaja tu kile kilichohisiwa mahali fulani ndani ya gari. Anayeisoma taa kana kwamba ni hukumu hununua kipuri kisichohitajika, au huendelea na safari iliyopasa kukomea pale pale.

Taa kama fahirisi

Mwanafalsafa wa Marekani, Charles Sanders Peirce (1839–1914), aliainisha ishara katika makundi matatu. Kuna ikoni, inayofanana na kile inachokiwakilisha. Kuna fahirisi, iliyofungamana nacho kwa uhusiano wa sababu na tokeo, kama moshi na moto. Na kuna ishara ya makubaliano, kama yalivyo maneno mengi ya lugha. Taa ya dashibodi huwa yote matatu kwa pamoja. Picha ya birika la oili ni ikoni. Rangi yake ni makubaliano: nyekundu huonya juu ya hatari, ya manjano hudai uangalizi wa mapema, na ya kijani au buluu huarifu tu kwamba kifaa fulani kinatumika. Kule kuwaka kwenyewe ni fahirisi, kwani kuna swichi au kihisi kilichofunga njia ya umeme.

Hapa ndipo wasomaji wengi wa taa hukosea. Fahirisi hiyo inaelekeza kwenye kihisi kwanza, kabla ya kuelekeza kwenye maradhi. Kihisi kinaweza kuharibika, waya unaweza kukatika, na balbu inaweza kuungua. Kwa hiyo usomaji huanza kabla ya injini kunguruma. Ufunguo unapozungushwa hadi umeme uingie, taa muhimu, kama ya oili na ya betri, hupaswa kuwaka, kisha zizimike injini inapowaka. Taa isiyowaka katika hatua hiyo si habari njema. Huenda balbu imekufa, au imetolewa makusudi na muuzaji aliyetaka kuficha kasoro. Anayenunua pikapu kuukuu na ausome ukimya huo kwa makini kama anavyousoma mwanga.

Taa nne na maana zake

Taa ya oili ndiyo inayofahamika visivyo zaidi. Wengi hudhani kuwa inapima kiasi cha oili. Katika pikapu nyingi za zamani, hiyo ni taa ya presha. Kijiti cha kupimia kinaweza kuonyesha oili tele, na taa ikawaka kwa sababu pampu imechoka, beringi za injini zimelika, au swichi yenyewe imeharibika. Ikiwaka safarini, dereva hana budi kusimama mahali salama na kuzima injini mara moja. Fundi anayeijua kazi hatabadilisha kitu kwa kubahatisha. Hufungua swichi hiyo, akafunga geji ya presha mahali pake, na kutafuta ushahidi wa pili. Geji ikionyesha presha ya kutosha, swichi ndiyo iliyodanganya. Isipoonyesha, taa ilisema kweli na injini imo hatarini.

Taa ya betri nayo haisemi kwamba betri imekufa. Inasema kuwa alterneta haichaji. Chanzo cha kawaida ni mkanda uliolegea au kukatika. Katika Hilux nyingi za dizeli za zamani, alterneta hubeba kwa nyuma pampu ndogo ya kufyonza hewa, na ufyonzaji huo ndio unaopunguza uzito wa pedali ya breki. Mkanda ukikatika, dereva hupoteza chaji na pia msaada wa breki. Pedali huwa nzito kama jiwe. Basi taa ya betri na ya breki zikiwaka pamoja, busara ni kusimama na kuutazama mkanda kabla ya kuteremka mlima wowote.

Taa ya chujio la dizeli huashiria kuwa maji yamejikusanya chini ya chujio. Tiba yake ni nyepesi: kufungua kizibo kilicho chini, kuyaondoa maji mpaka dizeli safi itoke, na kukifunga. Ikipuuzwa, maji huifikia pampu ya dizeli, na hapo gharama hupanda mno.

Ya nne ni taa ya mkanda wa ndani, ule unaoratibu mwendo wa valvu na pistoni. Katika injini kadhaa za dizeli za Toyota, taa hii huwaka kila baada ya kilomita 100,000. Hii haihisi chochote. Inahesabu kilomita tu. Isitoshe, hurejeshwa kwenye sifuri kwa mkono, jambo linalomaanisha kuwa mtu anaweza kuizima bila kuugusa mkanda. Mkanda huo ukikatika, pistoni hugongana na valvu. Kwa sababu hiyo, swali la kumuuliza muuzaji ni lini mkanda wenyewe ulibadilishwa, na ushahidi uko wapi.

Katika magari yenye kompyuta, taa ya injini huficha ujumbe wa namba. Toyota kadhaa za miaka hiyo huunganishwa vituo viwili vya TE1 na E1 katika kisanduku cha uchunguzi, ufunguo ukiwa umewashwa bila kuwasha injini. Taa humweka mara mbili, ikatua, ikamweka mara moja. Hiyo ni 21. Magari madogo na pikapu zilizouzwa Marekani tangu toleo la mwaka 1996 yalilazimika kuwa na soketi ya pamoja ya uchunguzi, ila si kila pikapu ya miaka hiyo iliyoko Kenya inayo. Hata mashine ya kisasa inapotoa namba, fahirisi haijakoma. P0700, kwa mfano, husema tu kwamba kompyuta ya giaboksi imeweka kumbukumbu ya hitilafu. Ni ishara inayoelekeza kwenye ishara nyingine.

Giaboksi: kusoma kwa sikio

Giaboksi ya kawaida haina taa ya kuieleza. Hapa fundi hutegemea sauti, mguso na maelezo ya dereva. Swali la kwanza ni iwapo tatizo liko ndani ya giaboksi au nje yake. Jibu mara nyingi hupatikana bila kufungua hata nati moja.

Klachi ina kazi mbili: kushika na kuachilia. Isiposhika, injini hunguruma kwa nguvu mlimani ilhali mwendo hauongezeki, na huenda harufu ya kuungua ikasikika. Isipoachilia, gia hukataa kuingia au hukwaruza, hasa ya kurudi nyuma. Jaribio lake ni rahisi. Injini izimwe, kisha gia ziingizwe moja baada ya nyingine. Zikiingia bila shida injini ikiwa imezimwa na kukataa ikiwa inanguruma, giaboksi haina hatia. Klachi ndiyo haiachilii. Katika Hilux, klachi huendeshwa kwa mafuta ya breki kupitia silinda mbili, moja karibu na pedali na nyingine ubavuni mwa giaboksi. Uvujaji mdogo katika mojawapo unatosha kuifanya klachi isiachilie. Wapo waliouziwa giaboksi nzima kwa sababu ya raba ndogo iliyochanika.

Kelele nazo zina sarufi yake. Gari likiwa limesimama bila gia yoyote, sauti inayosikika mguu ukiwa nje ya klachi na kutoweka pedali inapokanyagwa hudokeza beringi ya shafti inayoingia katika giaboksi. Sauti inayozuka pedali inapokanyagwa hudokeza beringi ya klachi. Gia moja tu ikikwaruza, tuseme ya pili, pete ya shaba inayosawazisha mwendo wa gia hiyo pengine imelika. Gia ikijitoa yenyewe mteremkoni, hushukiwa uma unaoisukuma, meno yaliyolika, au hata mikono ya injini iliyochoka. Mgongo wa "ko!" wakati wa kuondoka aghalabu hutoka kwenye krosi za propela, na mvumo unaobadilika kila mafuta yanapokanyagwa au kuachiliwa waweza kuwa wa difu. Kabla ya yote, oili ya giaboksi ipimwe, kwani ukavu waweza kuzaa kelele nyingi za ndani ya giaboksi.

Giaboksi ya otomatiki husomeka katika oili yake. Ile ya kawaida ni nyekundu na angavu. Ikiwa ya kahawia na yenye harufu ya kuungua, klachi za ndani zinalika. Ikifanana na maziwa yenye rangi ya waridi, maji ya rejeta yameingia. Toyota kadhaa za otomatiki humwesha taa ya gia ya juu ili kutangaza hitilafu.

Maelezo ya mwenye gari

Mwenye gari anayemwambia fundi kwamba "gia imekufa" hajasema lolote. Ila Kiswahili kina uwezo wa kulisema tatizo kwa usahihi mkubwa. Gia haiingii, inaingia kwa shida, inaingia ikikwaruza, au inaingia kisha inatoka: hayo ni matatizo manne, na huenda yakawa na tiba nne. Klachi haishiki si sawa na klachi haiachilii. Klachi isiyokanyagika, yaani iliyo ngumu, si sawa na iliyozama hadi sakafuni. Kauli ya kutendeka, ukanushi na tanakali za sauti, mada tunazozichambua darasani, hapa zinaamua ni kipuri kipi kitanunuliwa. Maelezo kamili hujibu maswali haya: ni gia gani, gari likiwa baridi au moto, likipanda au likishuka, likiwa na mzigo au tupu, na tangu lini.

Hitimisho

Tumebainisha kwamba taa hushuhudia kihisi, kwamba kila dalili inahitaji shahidi wa pili, na kwamba maelezo ya dereva ni sehemu ya uchunguzi. Mafundi wa jua kali wamejenga msamiati huu kwa miaka mingi, wakikopa baadhi ya maneno na kuyatohoa bila kusubiri kamati. Ingefaa wanafunzi wa Kiswahili waende gereji na daftari, wayakusanye maneno hayo pamoja na sentensi yanamotumika, na kuyarejesha katika miongozo ambayo dereva wa kawaida anaweza kuisoma. Lugha inayomwezesha mtu kueleza kwa nini breki zake ni nzito kabla ya kuteremka bonde imemfaa kwa jambo kubwa.