Miti Mikongwe ya Al Wakrah na Huruma Inayoiua

Qatar hupata mvua ya wastani wa milimita 80 hivi kwa mwaka. Dar es Salaam hupita milimita 1,000. Kwa hiyo ukiona mkunazi umesimama ndani ya ua wa nyumba mjini Al Wakrah, shina lake limejaa nundu na kivuli chake kimefunika nusu ya baraza, ujue haukufika hapo kwa mvua. Kila jani limelipiwa maji.

Al Wakrah uko kusini mwa Doha, kando ya bahari. Zamani ulikuwa mji wa wavuvi na wazamia lulu. Leo una soko la kale lililojengwa upya, uwanja wa mpira wa Al Janoub uliofunguliwa mwaka 2019, na kituo cha mwisho cha treni ya metro upande wa kusini. Nyuma ya hayo yote kuna mitaa ya nyumba zilizozungushiwa kuta ndefu. Mswahili wa pwani akiingia ndani ya kuta hizo hana haja ya kuuliza majina ya miti. Mtende anaujua. Mkunazi anaujua, na majani yake anajua huoshea maiti, kwao na huku pia. Mwarobaini ndio usiseme, na aliyewahi kuhiji ameuona kwa maelfu kwenye uwanda wa Arafa. Mkungu wenye majani mapana nao haukosi, karibu na lango la magari.

Mingi ya miti hiyo imezeeka. Mti wa ua wenye miaka 40 ni mzee kwa hali ya huku, kwa sababu umekulia kwenye mchanga, chini ya jua linalopita nyuzi 45 wakati wa kiangazi, huku mizizi ikibanwa na msingi wa nyumba upande mmoja na saruji upande wa pili. Na ukichunguza miti hii inavyokufa, wala si kwa kutupwa. Inakufa kwa kuhudumiwa sana, na vibaya.

Tuanze na maji, maana hapo ndipo pabaya zaidi. Kila magharibi ikikaribia, utamkuta mtunza bustani, mara nyingi kijana wa Kenya, Uganda, Nepal au Bangladesh, ameshika mpira wa maji, anamwagia shina la mti kwa dakika chache kisha anahamia la pili. Mwenye nyumba akipita anaona udongo umelowa, roho yake inatulia. Lakini maji hayo yamelowesha vidole vichache tu vya mchanga. Kesho jua likipanda yamekwisha, na yameacha chumvi juu. Mizizi nayo hufuata maji: yakibaki juu, nayo hubaki juu, palepale penye joto na chumvi. Shina lililolowa kila siku huanza kuoza kwenye tako lake, na mwenye nyumba akiona majani yanageuka manjano anaamuru maji yaongezwe.

Mti mkongwe haunywi shinani. Mizizi yake midogo, ile inayonyonya, iko mbali, chini ya ncha za matawi na kuendelea nje. Huko ndiko pa kuinua tuta la mviringo na kuacha maji yaingie polepole, mengi kwa mpigo mmoja, kisha udongo uachwe upumue kwa siku kadhaa kabla ya kurudia. Kipimo chake ni rahisi: chukua kipande cha nondo nyembamba, uchome ardhini baada ya maji kuzama. Kitapita laini penye unyevu na kugoma palipo pakavu. Kikigoma kwenye kina cha kiganja, hujamwagilia, umenyunyiza. Kikishuka kufikia nusu mita au zaidi, hapo mti umekunywa, na ile chumvi imesukumwa chini ya mizizi.

Tahadhari moja: mti uliozoeshwa maji ya kila siku kwa miaka usibadilishiwe ghafla. Ongeza nafasi ya siku taratibu, wiki hadi wiki, na uanze mabadiliko hayo majira ya baridi. Anayetumia maji ya kisima karibu na pwani ayaonje kwanza. Mtende huvumilia chumvi, mkungu nao ni mti wa ufukweni, ila mwembe hauwezi. Juu ya udongo tandaza majani makavu au makuti yaliyokatwakatwa kuzuia joto, lakini yasigusane na shina. Na yule aliyetandika vitofali hadi kwenye gome la mti, avibandue. Hakuna dawa nyingine.

Baada ya maji, panga. Kuna imani, huku na kwetu pia, kwamba mti mzee ukikatwa kichwa unarudi ujana. Matawi mapya huchipuka kweli, mengi na ya kijani kibichi, na watu hufurahi. Wasichokiona ni kwamba machipukizi hayo yameshikilia juu juu tu, na kwamba mti umeyatoa kwa kula akiba yake ya mwisho. Mtaalamu wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, alipasua maelfu ya magogo kuchunguza ndani, akaonyesha kwamba mti hauponi jeraha kama mtu anavyopona. Unalizingira tu: hujenga kuta za ndani kuzuia uozo usisambae, kisha huendelea kukua pembeni. Mti kijana una nguvu za kujenga kuta hizo. Mkongwe hana akiba ya kuchezea, na ukimfungulia majeraha kumi kwa asubuhi moja hatayawahi yote.

Kwa hiyo kata kidogo. Tawi lililokufa kwanza. Ukilitilia shaka, kwangua gome kwa ukucha, na ukikuta ukijani chini yake, liache. Tawi likatwe nje kidogo ya ule uvimbe linapoungana na shina, kwa kuwa ndani ya uvimbe huo ndimo mti unamojengea ukuta. Usikate sambamba na shina, wala usiache kisiki kirefu. Tawi zito hukatwa kwa hatua: mkato wa chini kwanza, mbele kidogo, kisha wa juu, lianguke, ndipo usafishe kipande kilichobaki. Ukikata mara moja kutoka juu, litachana gome hadi chini. Rangi na lami za kupaka kwenye jeraha hazisaidii. Na asikate mtu yeyote mwezi wa Juni: gome lililozoea kivuli likivuliwa matawi ghafla huungua kwa jua na kupasuka. Novemba hadi Februari ndio wakati wake.

Mtende una hesabu yake, kwa sababu una moyo mmoja tu, juu kabisa. Ukifa huo, umekufa wote. Wengi hupenda kuupogoa mpaka ubaki na makuti machache yaliyosimama kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Ni urembo wa hasara. Kuti la kijani ndilo linalolisha makole ya tende, na kila kuti bichi linalokatwa huacha harufu inayomwita susa, yule fukusi mwekundu aliyetoka Asia akaingia nchi za Ghuba katikati ya miaka ya 1980. Jike hutaga mayai kwenye kovu, na funza hula ndani ya shina kwa miezi bila kuonekana. Dalili ni majimaji ya kahawia yanayotoka shinani yenye harufu ya kitu kilichochacha, nyuzi zilizotafunwa mfano wa unga wa mbao, na mara nyingine, ukiweka sikio kwenye shina wakati wa utulivu, sauti ya kutafuna. Ukiyaona hayo, watafute watu wa kilimo wa Wizara ya Manispaa siku hiyohiyo, na usisafirishe gogo kwenda mtaa mwingine. Mkwezi wa minazi aliyetoka Kilifi naye asidanganyike: mtende una miba mirefu kwenye vikonyo vya makuti, na haupandwi kwa mazoea ya kwao.

Tunapomtaja mkwezi, tumtaje kwa haki yake. Sheria ya Qatar ya mwaka 2017 ya wafanyakazi wa majumbani inamhusu mtunza bustani pia, na kikomo chake ni saa 10 za kazi kwa siku. Kwa kazi za nje kwa ujumla, tangu mwaka 2021 kuna katazo la saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15. Mwenye nyumba anayemtuma kijana kumwagilia saa saba mchana anamtesa mtu na kupoteza maji kwa wakati mmoja. Mti wenyewe hunywa vizuri zaidi alfajiri. Kijana hujibu tu, “Sawa, Baba,” na kwenda juani. Anayejua nondo na kina cha maji ni yeye, lakini hakuna anayemuuliza.

Si kila mti mzee unastahili kubaki. Damas, ambayo asili yake ni Somalia, Djibouti na Yemen, ilipandwa kwa wingi kama ua wa kuzuia macho ya majirani, na mizizi yake husaka mabomba na karo bila huruma. Ikishaanza kuinua sakafu, iondoeni. Mkunazi ni habari nyingine. Qatar Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1995, imeufanya nembo yake, na kuwa na pango shinani si sababu ya kuukata, kwa kuwa uhai wa mti uko chini tu ya gome. Cha kuogopa ni mti ulioinama juzi, udongo uliotutumka upande mmoja wa shina, ufa mpya, au uyoga kwenye tako lake. Hapo mwite fundi anayepanda kwa kamba na kuanza na matawi, si mwenye gari la kung’oa.

Na mrithi wake pandeni sasa, wakati mzee bado anatoa kivuli. Mche wa mkunazi hupandwa kuanzia Oktoba, joto likishavunjika, mita kadhaa kutoka ukutani na mbali na bomba.