Maumivu Baada ya Kubadilishiwa Nyonga

Katika kiungo cha nyonga, kichwa cha mfupa wa paja, chenye umbo la tufe, huzunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa fupanyonga. Gegedu likilika, mifupa husuguana na kila hatua huwa adhabu. Mnamo Novemba 1962, Daktari John Charnley wa hospitali ya Wrightington, Uingereza, alianza kutumia kikombe cha plastiki ngumu pamoja na tufe la chuma cha pua. Kazi hiyo ndiyo msingi wa upasuaji wa nyonga hata leo.

Hata hivyo, mpasuaji hana budi kukata ngozi, kutenganisha misuli na kukata kichwa cha mfupa kwa msumeno. Maumivu ya zamani huondoka, mapya huzaliwa. Chembe hai zilizojeruhiwa hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, nazo huzifanya ncha za neva ziwe nyepesi mno kuhisi. Habari ya jeraha hupita katika neva hadi kwenye ugwe uliomo ndani ya uti wa mgongo, kisha hupanda ubongoni. Hapo ndipo mtu hutambua kuwa anaumwa.

Njia hiyo ni ndefu, hivyo yaweza kuzibwa mahali pengi. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kuwa aspirini huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Ibuprofeni hufanya vivyo hivyo. Sindano ya ganzi ya mgongoni huikata habari njiani kwa saa chache. Mofini, itokanayo na afyuni, hufanya kazi katika ugwe na ubongo. Dawa hizi zikichanganywa kwa busara, pamoja na parasetamoli, mofini inayohitajika huwa kidogo. Na hilo ni jema, kwani mofini ikizidi hupunguza pumzi, tena hufunga choo. Ibuprofeni nayo si ya kila mtu: mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu aweza kudhurika, na wagonjwa wa nyonga aghalabu ni wazee.

Dawa ya kumeza huanzishwa kabla ganzi haijaisha, kisha hutolewa kwa saa, si kwa kungoja mgonjwa azidiwe. Wako wanaodhani kunyamaza ni ushujaa. Kumbe aumwaye hapumui kwa kina, wala hakubali kusimama. Katika mguu usiosogezwa damu hupita polepole na yaweza kuganda ndani ya vena. Bonge hilo likikatika na kufika mapafuni, laweza kuua. Ndiyo sababu mgonjwa husimamishwa siku ile ile au kesho yake, akishikilia fremu ya kutembelea. Muuguzi humwuliza maumivu yake ni kiasi gani kati ya 0 na 10, lakini swali lenye uzito zaidi ni kama aweza kupiga hatua.

Maumivu yakizidi ghafla badala ya kupungua, au mguu ukionekana kuwa mfupi, au ukivimba, au jeraha likitoa usaha, haifai kuongeza kidonge. Daktari aitwe mara moja.