Taa za tablo kisha batri kufa: ipi ya kuogopa?

Batri ilikufa usiku. Asubuhi jirani hapa Buluo amekusaidia na kable, motere imewaka, lakini tablo imejaa taa: ABS, direksio, airbag. Mbele ya kulipa fundi, ngojea kidogo.

Volti zikishuka sana, makompyuta madogo ya motokari yanaandika panne ambayo haiko. Taa za njano nyingi zinazimika zenyewe kisha kutembea kilometa chache. Ya direksio, mara nyingi inatosha kuzungusha usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kuume, motere ikiwaka. Ya airbag inaweza kubaki. Hiyo inaomba skana.

Taa nyekundu ya batri ni habari ingine. Ikibaki wakati motere inazunguka, alternateri haichaji, ao mukaba umekatika. Pima: motere ikizunguka, inapaswa kuwa karibu volti 14. Ukikuta 12, usishike barabara ya Lubumbashi, kilometa 120 hivi, utazimikia njiani. Na ile desturi ya kutoa waya ya batri motere ikizunguka, eti kujaribu alternateri, tuiache kabisa: inaweza kuunguza kompyuta, na kompyuta inapita bei ya batri mbali sana.