Sekunde 47 Ndani ya Gari Lilelile

Mwaka 2004 kipindi cha televisheni cha Uingereza, Top Gear, kilimpeleka mtangazaji wake Jeremy Clarkson hadi Nürburgring, Ujerumani, na kumpa kazi moja: azunguke Nordschleife, njia ndefu ya mbio ya hapo, kwa chini ya dakika 10 kwa Jaguar S-Type ya dizeli. Ni gari la kumpeleka mkurugenzi kazini, si la mbio. Mkufunzi wake alikuwa Sabine Schmitz, binti aliyekulia palepale, mshindi wa mbio za saa 24 za Nürburgring mwaka 1996 na 1997. Baada ya mafunzo na majaribio, Clarkson alipata 9:59. Schmitz akachukua usukani wa gari hilohilo, akarudi na 9:12. Mwaka uliofuata alikwenda na Ford Transit, lile la kubebea mizigo, akamaliza kwa 10:08.

Sekunde 47 kati ya Clarkson na Schmitz zimenifanya mgumu wa kuamini matangazo ya vipuri. Injini ilikuwa ileile, matairi yaleyale, uzito uleule (tofauti ya kilo kati ya madereva hao wawili tuiache, kwa heshima). Kilichobadilika ni mtu. Hata hivyo, fika kwenye maegesho ya uwanja wowote wa mbio wa Ulaya siku umefunguliwa kwa madereva wa kawaida, usikilize wanachozungumza: ekzosi, shokapu, springi za kushusha gari, rimu nyepesi. Mkufunzi yupo, jina lake liko ubaoni, anakodishwa kwa kipindi cha dakika 15 au 20 kwa bei ambayo mara nyingi haifikii ya tairi moja zuri. Wanaomfuata si wengi. Ekzosi ina sifa moja ambayo mkufunzi hana: haimwambii mwenye gari kwamba hajui kuendesha.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufika huko, utaratibu ni huu. Mtu analipa ada, analeta gari lake, mara nyingi lilelile la kwendea kazini, anavaa helmeti, anasikiliza maelezo ya usalama, kisha anaruhusiwa kukimbia uwanjani bila kikomo cha mwendo cha barabara kuu. Kupita gari lingine ni kwa ridhaa ya anayepitwa, na kwenye sehemu zilizotajwa tu. Kelele za gari hupimwa, na gari linalozidi kipimo hurudishwa nyumbani. Kushindana ni marufuku. Na hapa ndipo mambo yanapochekesha kidogo: Uingereza, kwa sehemu kubwa, hata kupima muda ni marufuku, kwa sababu saa ikishaanza kuhesabu, kampuni ya bima huona mashindano. Nordschleife ndiyo kabisa. Siku za wageni, kisheria ile ni barabara ya kulipia ya upande mmoja, na sheria za usalama barabarani za Ujerumani zinatumika humo kama zinavyotumika mjini. Kwa hiyo rasmi hakuna anayepima. Kwa bahati ya ajabu, kila mtu anaujua muda wake hadi sehemu ya kumi ya sekunde.

Mkufunzi anafanya nini basi? Mwalimu wa shule ya udereva ya Dar es Salaam au Nairobi ana breki yake miguuni, na wengi wana klachi pia. Mwanafunzi akikosea, gari linasimama. Mkufunzi wa uwanjani kwa kawaida hana pedali yoyote. Ameketi kwenye kiti cha abiria ndani ya gari la mtu asiyemjua, akienda kilomita 180 kwa saa kuelekea kona, na silaha yake ni sauti tu. Ndiyo maana maneno yake ni mafupi: tazama, ngoja, breki, achia, mafuta. Mkufunzi anayetoa hotuba katikati ya kona ama hana uzoefu, ama ameshakata tamaa.

Kazi yake ya kwanza huwa macho. Dereva mgeni hutazama lami iliyo mita chache mbele ya boneti, kwa kuwa ndipo hofu ilipo. Kwa kilomita 150 kwa saa gari linameza karibu mita 42 kila sekunde, kwa hiyo anachokitazama kimeshapita kabla mikono haijapata habari. Mkufunzi humlazimisha kuona mapema: kabla ya breki awe ameshatafuta ukingo wa ndani wa kona, na kabla ya kuufikia huo ukingo awe anatazama pa kutokea. Kuhusu Karussell, ile kona ya zege ya Nordschleife ambayo huioni mpaka umeshaifikia, husimuliwa kwamba dereva Juan Manuel Fangio alishauri watu waelekeze gari kwenye mti mrefu kuliko yote. Sijui kama mti huo bado upo. Lakini anayetazama miti badala ya boneti tayari amefundishwa nusu ya somo.

La pili linaudhi zaidi, kwa sababu mwanafunzi hakubali kwamba analifanya. Ni kule kuelea: muda ambao mguu umeshatoka kwenye mafuta lakini haujafika kwenye breki, au umeachia breki na bado unajiuliza kama ni ruhusa kurudi kwenye mafuta. Gari haliongezi mwendo wala halipunguzi vya kutosha, linasubiri uamuzi. Nusu sekunde ya kuelea kwa kilomita 150 ni mita 21 za uwanja. Izidishe kwa kona kumi na unapata sekunde tano za mzunguko ambamo dereva hakuwa akiendesha chochote. Mwulize, ataapa kwamba alikuwa ama kwenye breki ama kwenye mafuta. Kifaa cha kurekodi data huonyesha vingine, na mkufunzi mzuri huonyesha mstari wa grafu bila kusema neno, kisha akanywa chai yake.

Breki nazo zina adabu yake. Tairi lina mshahara mmoja tu: ukiutumia wote kwenye breki, hubaki na kitu cha kulipia kona. Piero Taruffi, mhandisi wa Italia aliyeshinda mbio za Mille Miglia za mwaka 1957, aliandika kitabu kizima kilichojaa hesabu za aina hii, na wakufunzi wa leo bado wanafundisha kilekile kwa maneno machache zaidi. Mwanafunzi hukanyaga breki kwa nguvu, vizuri kabisa, kisha huiachia ghafla na kukata usukani. Pua ya gari inanyanyuka, uzito unahamia nyuma, na matairi ya mbele yanapoteza mshiko sekunde ileile yanapoombwa kugeuza gari. Gari linakwenda moja kwa moja. Jioni mwanafunzi anaagiza matairi ya gharama zaidi. Alichotakiwa kujifunza ni kuachia breki polepole kadiri usukani unavyozunguka, ili uzito ubaki mbele mpaka gari limegeuka. Ni suala la kifundo cha mguu, na hakuna duka linaloliuza.

Halafu kuna ushujaa wa kuchelewa kushika breki, ambao ndio unaosimuliwa zaidi baada ya chakula. Tuupigie hesabu. Tuseme unafika kona kwa kilomita 200 kwa saa na inakubidi uipite kwa 80. Ukichelewesha breki kwa mita 10, na kila kitu kingine kikienda sawa, unaokoa takribani robo ya sekunde. Si haba. Ila kwa dereva wa kawaida mengine hayaendi sawa: anaingia na mwendo wa ziada, anapita mbali na ukingo wa ndani, anasubiri gari litulie, anatoka kwa mwendo pungufu wa kilomita 5 kwa saa. Kama mbele kuna mnyoofu wa mita 600, upungufu huo, kwa gari lenye nguvu za wastani, unakula karibu sekunde 0.3. Robo iliyookolewa imekwisha, na deni limebaki. Mnyoofu ukiwa mrefu zaidi, deni linakua.

Nordschleife inafundisha somo hili vizuri kuliko ubao wowote, mahali paitwapo Bergwerk. Ni karibu na hapo dereva Niki Lauda alipoungua ndani ya Ferrari yake tarehe 1 Agosti 1976, katika mbio za mwisho za Formula 1 kwenye barabara ile. Bergwerk ni kona ya kulia inayobana, na baada yake njia inapanda mlima kupitia Kesselchen kwa muda mrefu, mguu ukiwa chini wakati wote. Anayeingia Bergwerk kishujaa anatoka akiwa mnyonge, na unyonge huo anaupandisha mlima wote. Mkufunzi humwambia aingie taratibu kuliko anavyotaka, ajizuie, kisha afungue mafuta mapema na asiyafunge tena. Mwanafunzi hujihisi mzembe. Saa, ile ambayo haipo, humpinga.

Sitaki ionekane kwamba mkufunzi ni mganga. Nordschleife ina kilomita 20.8 na kona 73 kwa hesabu rasmi. Schmitz alikadiriwa kuizunguka zaidi ya mara 20,000 kabla ya kufariki mwaka 2021, na kona ya kwanza ya barabara hiyo sasa ina jina lake. Hakuna kozi ya mwisho wa wiki inayoweza kuhamisha hazina hiyo kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Ndiyo maana taasisi kama Scuderia Hanseat, zinazofundisha huko kwa miongo mingi, huikata barabara vipandevipande, na kundi dogo likarudia kipande kimoja nyuma ya gari la mkufunzi kabla ya kuruhusiwa kuunganisha mzunguko mzima. Faida kubwa huja mwanzoni, makosa makubwa yanapoondoka. Baada ya hapo unalipa fedha zilezile kwa sehemu za kumi, na baadaye kwa sehemu za mia. Mara nyingine muda huongezeka kwanza, kwa kuwa mtu anayefikiria mguu wake hawezi pia kufikiria kona.

Wala si kila mwenye kasi anajua kufundisha. Uingereza ina ARDS, chama cha shule za udereva wa mbio, ambacho hupima wakufunzi kwa viwango vyake, lakini kwingineko utakutana na vijana wenye vikombe vingi na subira kidogo, wanaoamini kwamba kupiga kelele "mafuta!" ni ufundishaji. Dalili ya haraka ya mkufunzi anayefaa ni maswali anayouliza kabla ya helmeti kuvaliwa: gari limefanyiwa nini, breki ziliangaliwa lini. Kwa sababu iko gharama moja ya gari ambayo wakufunzi karibu wote wanaiunga mkono, nayo haing'ai wala haipigi kelele: mafuta mapya ya breki. Ya kiwango cha DOT 4 yakiwa mapya yanapaswa kustahimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Yakishanyonya unyevunyevu wa hewani, kiwango cha chini kinachotakiwa kinashuka hadi 155. Uwanjani joto hilo hufikiwa mapema, na mafuta yaliyochemka huifanya pedali izame sakafuni. Hapo hata sauti ya mkufunzi haisaidii, ingawa bila shaka itasikika.

Ukitaka kujua mafunzo haya yana thamani gani, tazama wanaoyalipia ilhali hawalazimiki. Kwa miaka mingi Rob Wilson, dereva wa zamani kutoka New Zealand, alikuwa akifundisha kwenye uwanja wa zamani wa ndege wa Bruntingthorpe, katikati ya Uingereza, kwa Vauxhall Astra, gari ambalo watu hulikodi bila kukumbuka rangi yake. Waliokaa kwenye usukani wake ni pamoja na David Coulthard, Juan Pablo Montoya na Kimi Räikkönen, bingwa wa dunia wa Formula 1 wa mwaka 2007. Walikwenda kurekebishwa namna ya kuachia breki na kunyoosha usukani mapema kidogo kuliko walivyozoea, kwenye lami ya ndege, katika gari la familia. Hakuna habari kwamba yeyote kati yao aliuliza kuhusu ekzosi.