Degedege: Je, Ni Kweli Sindano Inaua Mtoto?

Wazazi wengi huogopa kuleta mtoto mwenye degedege kliniki kwa sababu wameambiwa akichomwa sindano atakufa. Jina lenyewe latoka pwani, ambako wazee walisema ni ndege mbaya apitaye juu ya mtoto usiku.

Wakenya waliovuka Busia na Malaba kukimbia ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 walipokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo, kisha wakahamishiwa Kiryandongo mwaka 2008. Tororo ni nchi ya mbu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kuwa mtu mmoja huko aliumwa zaidi ya mara 500 kwa mwaka na mbu wenye vimelea vya malaria. Mahali kama hapo, homa ya mtoto haihitaji pepo.

Basi imani ya sindano inatoka wapi? Mtoto ana homa jioni. Usiku anakakamaa, macho yanageuka, povu linatoka. Anaitwa mganga, anafukizwa moshi na kuogeshwa dawa za miti. Siku mbili zinapita. Akifika hospitali damu imepungua na hajitambui. Anachomwa sindano, saa moja baadaye anafariki. Majirani wameiona sindano. Vimelea vilivyoziba mishipa midogo ya ubongo hakuna aliyeviona.

Na yule aliyepona kwa mganga? Degedege nyingi za homa huisha zenyewe kwa dakika chache, hata mganga angekaa tu. (Hatusemi ana nia mbaya, wengi wao huamini wanachofanya.)

Sindano inayotumika sasa kwa malaria kali ni ya artesuneti. Utafiti wa mwaka 2010 kwa watoto zaidi ya 5,000 katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ulionyesha kuwa ilipunguza vifo kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko kwinini.

Mtoto akishikwa, mlaze kwa ubavu, mbali na moto. Usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe kitu, usimpake mafuta ya taa. Povu haliambukizi. Mlete kliniki mara moja, hata usiku, hata kama ameamka na anacheza, apimwe damu. Kliniki ikiwa mbali, mwite mhudumu wa afya wa kijiji: huenda ana artesuneti ya kutia njia ya haja kubwa kwa mtoto wa chini ya miaka 6. Hiyo ni ya njiani tu. Kliniki lazima afike.