Fundi wa Majokofu, Karatasi Yako Inasema Nini?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huo unamfaa muuza ndizi, maana mnunuzi huiona ndizi na kuishika kabla ya kutoa fedha yake. Fundi anayeomba kazi hana bahati hiyo. Siku ya kwanza mwajiri haioni mikono yake, anaona karatasi tu. Karatasi ikinyamaza, fundi naye amenyamaza.

Ndugu msikilizaji, nayasema haya kwa sababu ya kijana mmoja wa hapa Ijuganyondo, fundi wa majokofu na viyoyozi, aliyeniomba nimsomee wasifu wake, ule ambao wengi tunauita CV. Kazi yake naijua, maana majirani humwita kila friji inapokataa kugandisha. Wasifu ulikuwa na kurasa nne. Nilikuta dini yake, idadi ya ndugu zake, shule ya msingi aliyosoma, na maelezo kwamba yeye ni mchapakazi, mwaminifu na anayejituma. Neno kompresa halikuwemo hata mara moja.

Hapana shaka kijana huyu hayuko peke yake. Lakini kila mwombaji hujiita mchapakazi, hata mvivu. Mwajiri anataka kujua mambo matatu: umetengeneza nini, nani amekupima, na nani atakusemea. Hayo yanaenea katika kurasa mbili.

Tuanze na la kwanza. Badala ya kuandika kwamba una uzoefu wa majokofu, taja miaka, mahali na kazi yenyewe. Mathalani: "2019 hadi 2023, fundi msaidizi, karakana ya mafriji, Bukoba. Nilibadilisha kompresa na termostati, nilichomelea mabomba ya shaba, nilitafuta mahali panapovuja, nilitoa hewa kwa pampu na kujaza gesi za R134a na R600a." Anayesoma maneno hayo anamwona fundi akiwa kazini.

Gesi uzitaje kwa majina yake, kwa sababu kila moja ina mambo yake. R600a hushika moto, na mwajiri angependa kujua kwamba unalifahamu hilo. R22, iliyozoeleka katika viyoyozi vya zamani, inaondolewa hatua kwa hatua chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni. Nchi zinazoendelea zimewekewa ukomo wa 2030, ukiacha kiasi kidogo cha kuhudumia mitambo iliyopo. Fundi anayejua R22 peke yake ameshika kazi inayokwisha.

Vilevile, mwandikie yule unayemwomba kazi. Bukoba siyo Dar es Salaam. Huku kwetu joto halitusumbui kama linavyowasumbua watu wa pwani, na baridi inayotafutwa zaidi ni ya kuhifadhi vitu: minofu ya sangara inayogandishwa hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, maziwa, na chanjo ambazo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ukiomba kazi hospitali, friji za chanjo zitangulie. Ukiomba hotelini, anza na viyoyozi na vyumba vya baridi vya jikoni. Karatasi moja haiwezi kubisha hodi kila mlango.

La pili ni kupimwa. Wengi wa mafundi wetu hawakupita darasani, walijifunza kwa kumshikia fundi mwingine spana. Hilo siyo jambo la kuonea haya, liandike kama lilivyo. Kisha nenda VETA. Mamlaka hiyo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994, ina utaratibu wa kuwapima waliojifunzia kazini na kuwapa cheti cha ujuzi walio nao. Cheti cha namna hiyo kina thamani kuliko cha kununua uchochoroni. Tukumbuke Aprili 2017, uhakiki wa Serikali ulipowabaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa wameshafanya kazi miaka mingi, na bado waliondolewa.

La tatu ni wadhamini. Vijana hupenda kuandika jina la mjomba mwenye cheo, ambaye hajapata kuwaona wakishika geji. Afadhali mwenye bucha ambaye friza yake uliitengeneza na inagandisha mpaka leo. Mwombe ruhusa kwanza, uandike namba yake ya simu inayopatikana, na yako pia.

Jambo hili siyo la fundi peke yake. Fundi hodari anapoachwa kwa sababu karatasi yake haikusema kitu, na nafasi ikachukuliwa na mwenye maneno matamu, anayelipa ni mama aliyempeleka mtoto kliniki akachomwa chanjo iliyoharibika kwa joto.

Nanyi waajiri nawaomba jambo moja. Mkishasoma wasifu na kuridhika, msiishie kwenye maswali ya mezani. Mpeni mwombaji friji mbovu na saa moja, mkae pembeni mtazame.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane tena wiki ijayo.